Kazi ya mwanasayansi wa modeli za maji ya chini ya ardhi na uchafuzi utokanao na kilimo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wanaofikiria kuingia katika fani hii, maafisa ugani na wahandisi wa maji wanaokutana na wanasayansi wake kazini, na yeyote anayetegemea kisima kilicho karibu na mashamba.

Mwanasayansi huyu hufanya kazi gani hasa?

Huchunguza jinsi maji yanavyotembea chini ya ardhi na jinsi yanavyobeba mbolea, samadi na viuatilifu kutoka shambani hadi kisimani, kwenye chemchemi au mtoni. Swali analolijibu ni fupi: kilichomwagwa juu ya ardhi hii kitafika wapi, lini, na kwa kiasi gani? Kulijibu huchukua miaka, kwa sababu safari yenyewe haionekani. Mto ukichafuliwa, watu huona povu au samaki waliokufa siku hiyohiyo, lakini maji ya chini ya ardhi huweza kuchafuka kwa kizazi kizima bila kubadilika rangi, ladha wala harufu.

Kwa hiyo kazi yake ina sehemu mbili zisizotenganishwa. Ya kwanza ni kupima: kina cha maji visimani, kemia yake, umri wake, aina ya udongo na miamba, mvua, na mbolea iliyowekwa. Ya pili ni kuunganisha vipimo hivyo katika modeli ya kompyuta ili kukadiria yale ambayo hakuna kisima cha kuyapima, pamoja na yale ambayo bado hayajatokea.

Modeli ya maji ya chini ya ardhi ni kitu gani?

Ni hesabu ya maji ya bonde zima. Bonde hugawanywa katika vyumba vidogo vingi, pengine vya mita 100 kwa mita 100, vilivyopangwa kwa matabaka kufuata mchanga, mfinyanzi na miamba. Kila chumba hupewa sifa zake: maji yanapita kwa urahisi kiasi gani, nafasi kati ya chembe ni kubwa kiasi gani, mvua inayozama ni ngapi, na visima vinavuta kiasi gani. Kompyuta kisha husawazisha kila chumba, kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki, siku baada ya siku au mwezi baada ya mwezi.

Kanuni iliyo katikati ya hesabu hiyo ni ya Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyepitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga mjini Dijon na kuchapisha matokeo yake mwaka 1856. Aligundua kwamba wingi wa maji yanayopita hutegemea aina ya mchanga na tofauti ya kimo cha maji kati ya mwanzo na mwisho wa njia, ikilinganishwa na urefu wa njia hiyo. Mfano wa tarakimu utasaidia. Chukua mchanga ambao upitishaji wake ni mita 10 kwa siku, uso wa maji ukiteremka mita 2 kwa kila kilomita, na nafasi kati ya chembe zikiwa asilimia 20 ya ujazo wote. Maji yatatembea sentimita 10 kwa siku, yaani kama mita 36 kwa mwaka. Kisima kilicho kilomita moja kutoka shambani, kwa kufuata mkondo, kitapokea maji ya shamba hilo baada ya takriban miaka 27. Mwanafunzi anayeweza kufanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi ameshaelewa moyo wa fani. Programu za kompyuta huirudia mara mamilioni kwa ardhi ambayo haifanani kila mahali.

Mbolea hufikaje kwenye maji yaliyo mita nyingi chini?

Hupita kama naitreti. Naitrojeni ya yurea, ya mbolea ya CAN au ya samadi hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa naitreti, ambayo huyeyuka kabisa katika maji na haishikwi na chembe za udongo kama inavyoshikwa fosforasi. Mmea ukiwa na mizizi hai na njaa ya naitrojeni, huichukua. Mvua kubwa ikinyesha kabla mmea haujaihitaji, au baada ya mavuno wakati shamba liko wazi, naitreti huteremka pamoja na maji kupita usawa wa mizizi, na ikishapita hapo hakuna mmea wa msimu utakaoirudisha.

Njiani inaweza kupotea. Mahali ambapo oksijeni imekwisha na pana kaboni ya mimea iliyooza au madini ya pairiti, bakteria huivunja naitreti na kuirudisha hewani kama gesi ya naitrojeni. Ndiyo maana visima viwili vilivyo katika kijiji kimoja, kimoja kwenye mchanga wenye hewa na kingine chini ya tabaka la mfinyanzi mweusi, huweza kutoa majibu tofauti kabisa ya maabara, ingawa mashamba yaliyo juu yake yanatumia mbolea ileile.

Ni kiasi gani cha mbolea kinachotosha kuharibu maji?

Kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na swali hili linastahili hesabu kamili.

Tuseme katika hekta moja, kati ya mbolea yote iliyowekwa, kilo 30 za naitrojeni hazikuchukuliwa na mazao zikateremka na maji. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23, kwa hiyo tunazungumzia mfuko mmoja na sehemu ya wa pili. Tuseme pia maji yanayozama hadi kwenye tabaka la maji ni milimita 200 kwa mwaka. Katika hekta moja hizo ni mita za ujazo 2,000. Gawanya kilo 30 kwa mita hizo, utapata miligramu 15 za naitrojeni kwa lita, ambazo ni sawa na miligramu 66 hivi za naitreti. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Marekani hupima kwa naitrojeni, na kikomo chake ni miligramu 10, karibu sawa na miligramu 45 za naitreti.

Sasa punguza maji yanayozama hadi milimita 50, kama inavyoweza kuwa katika nchi kavu yenye umwagiliaji makini. Upotevu wa kilo 10 tu kwa hekta utatoa miligramu 20 za naitrojeni kwa lita, mara mbili ya kikomo cha Marekani. Hapa pana jambo ambalo wapangaji wa miradi ya umwagiliaji hulisahau: kuokoa maji bila kupunguza mbolea hufanya maji machache yanayozama yawe makali zaidi. Mwanasayansi mzuri hulisema hili mapema, wakati skimu bado iko kwenye michoro.

Naitreti ina madhara gani kwa binadamu? Je, kuchemsha maji kunasaidia?

Kuchemsha hakusaidii, na hili inafaa lisemwe wazi kila mahali. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti hubaki ndani ya sufuria, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukolea.

Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wa chini ya miezi sita wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yenye naitreti nyingi. Damu yao hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni, na ngozi hugeuka rangi ya bluu. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeripoti mwaka 1945 kwamba hali hiyo ilihusiana na maji ya visima vya mashambani. Kwa watu wazima utafiti bado unaendelea. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia watu wazima milioni 2.7, uliona uhusiano kati ya naitreti katika maji ya kunywa na saratani ya utumbo mpana hata katika viwango vilivyo chini sana ya miligramu 50. Uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo, lakini unatosha kuwafanya wanaosimamia maji wasiridhike kirahisi na kipimo kilicho chini kidogo ya kikomo.

Kwa nini visima huendelea kuharibika hata baada ya wakulima kupunguza mbolea?

Kwa sababu maji yaliyomo kisimani leo ni ya zamani. Juu ya uso wa maji kuna tabaka la udongo na mwamba lenye unyevu lakini halijajaa maji, na kila mwaka maji mapya husukuma ya zamani kwenda chini. Ikiwa milimita 200 huzama kwa mwaka, na udongo umebeba maji kwa asilimia 20 ya ujazo wake, naitreti huteremka kama mita moja kwa mwaka. Kasi ya namna hiyo ndiyo iliyopimwa katika miamba ya chokaa laini ya Uingereza. Uso wa maji ukiwa mita 30 chini, mbolea ya mwaka huu itafika baada ya miaka 30, halafu itaanza safari ya ulalo ambayo tumeihesabu hapo juu.

Katika kazi nzima ya mwanasayansi huyu hakuna jambo gumu zaidi kulieleza kwa wanasiasa na wananchi kuliko hili. Waziri anayepitisha kanuni ya mbolea hataona faida yake akiwa madarakani. Mkulima aliyebadilika kwa moyo wote ataambiwa miaka kumi baadaye kwamba kisima cha jirani kimezidi kuwa kibaya. Bila mtu wa kutofautisha maji ya mwaka 1985 na maji ya mwaka 2015 ndani ya kisima kimoja, watu watahitimisha kwamba juhudi zimeshindwa, na wataziacha.

Kutofautisha huko kunawezekana. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza mvua ya dunia tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ambayo ilifikia kilele mwaka 1963, na maji yaliyozama miaka hiyo yalibeba alama yake. Gesi zilizotumika katika majokofu ziliongezeka hewani kwa mpangilio unaojulikana mwaka hadi mwaka, nazo huyeyuka kidogo katika maji ya mvua. Denmark ilianza mipango ya kitaifa ya kupunguza upotevu wa naitrojeni katika miaka ya 1980. Wanasayansi wake walipopima umri wa maji na kupanga naitreti kwa mwaka ambao maji yalizama, badala ya mwaka ambao sampuli ilichukuliwa, walionyesha kwamba katika maji yenye oksijeni naitreti ilipanda kwa miongo kadhaa, kisha ikaanza kushuka. Kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi bora kabisa za fani hii, kwa kuwa iliwaonyesha wakulima na watunga sheria matokeo ya walichokifanya.

Je, kuna wanasayansi ambao maisha yao ya kazi yanaweza kuwa mfano?

Wapo wengi, nitataja wawili waliopita njia tofauti.

Martinus van Genuchten, Mholanzi aliyesoma Wageningen kisha New Mexico, Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika maabara ya chumvi ya udongo ya Idara ya Kilimo ya Marekani huko Riverside, California. Mwaka 1980 alichapisha mlinganyo unaoeleza jinsi udongo usiojaa maji unavyoyashikilia na kuyapitisha, na hadi leo modeli nyingi za udongo duniani huutumia. Baadaye, pamoja na Jiří Šimůnek na wenzake, alitengeneza programu ya HYDRUS inayofuatilia maji, chumvi na kemikali kutoka juu ya ardhi kupitia mizizi. Mwaka 2023 alipewa Tuzo ya Wolf ya kilimo. Hiyo ni njia ya mtu anayechimba swali moja la msingi mpaka zana yake iwafae maelfu ya wengine.

Thomas Harter alianza haidrolojia Ujerumani, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Arizona, na tangu miaka ya 1990 amekuwa Chuo Kikuu cha California, Davis, katika nafasi inayounganisha utafiti na ugani. Alianza na mambo yanayoshikika: visima vifupi vya uchunguzi katika mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya bonde la San Joaquin, ambako samadi ya maji hutumika kumwagilia malisho. Kutoka hapo kazi ilipanuka. Sheria ya mwaka 2008 iliiagiza mamlaka ya maji ya California kuchunguza naitreti, na timu ya Davis, Harter akiongoza pamoja na Jay Lund, ikatoa ripoti yake mwaka 2012 kuhusu bonde la ziwa Tulare na bonde la Salinas, maeneo yanayolisha sehemu kubwa ya Marekani. Ripoti ilikadiria kwamba asilimia 96 ya naitreti inayoingia katika maji ya chini ya ardhi ya eneo hilo ilitoka katika mashamba ya mazao, na kwamba kati ya watu milioni 2.6 wa eneo hilo, kama 254,000 walikuwa katika hatari ya kupata maji ya kunywa yenye naitreti kupita kiasi.

Ninachokithamini katika kazi ya Davis ni mpangilio wa hoja zake. Ripoti ilianza na mizania ya naitrojeni, ilionunuliwa, iliyovunwa na iliyobaki, kabla ya kufika kwenye modeli. Ilisema wazi pia kwamba kusafisha tabaka zima la maji ni gharama isiyobebeka, kwa hiyo familia zilipaswa kupewa maji salama sasa wakati kilimo kinabadilika kwa mwendo wake. Mwanasayansi anayeweza kutamka sentensi hizo mbili pamoja, kwa wakulima na kwa akina mama wanaonunua maji ya chupa, amefikia kiwango ambacho shahada peke yake haimpi mtu.

Viuatilifu navyo?

Vingi hushikwa na udongo au huoza kabla ya kufika mbali, lakini vichache husafiri na kudumu. Dawa iitwayo DBCP ilimwagwa katika mizabibu na miti ya matunda ya California kuua nematodi, minyoo midogo wa mizizi, hadi mwaka 1977 ilipobainika kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa. Jimbo liliipiga marufuku mwaka huohuo, ila mabaki yake yaliendelea kuonekana visimani kwa miongo kadhaa.

Siku ya kazi nje ya ofisi ikoje?

Huanza na watu. Huwezi kufika kwenye kisima cha mtu ukaanza kufungua mfuniko. Unapiga hodi, unamsalimia mwenyeji, "Shikamoo mzee", mnaongea kuhusu mvua na bei ya mahindi, kisha unaeleza umetoka wapi, unataka kupima nini, na majibu utamletea lini. Ahadi hiyo ya mwisho ni deni. Wanavijiji wamechoshwa na watafiti wanaochukua chupa za maji na kutoonekana tena, na mwenzako atakayekuja baadaye ndiye atakayefungiwa lango.

Kisha unateremsha utepe wa kupimia, ambao hulia ncha yake inapogusa maji, na unaandika kina hadi sentimita. Kipimo hiki lazima kitangulie, kwani pampu ikishawashwa kimo cha maji hushuka. Halafu unavuta maji yaliyolala ndani ya bomba, ukiangalia joto, uchachu na uwezo wa kupitisha umeme, mpaka namba zitulie. Zikitulia ndipo unajua maji yanatoka kwenye mwamba wenyewe. Unasuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, unajaza, unaandika lebo kwa wino usiofutika, na unaiweka kwenye sanduku lenye barafu. Sampuli ya naitreti ambayo haikutiwa dawa ya kuihifadhi inapaswa kupimwa ndani ya saa 48, na ikiachwa kwenye gari juani bakteria wataibadilisha kabla haijafika maabara. Mwisho unachora: kisima kiko wapi, zizi liko hatua ngapi, choo kiko upande gani, ardhi inateremkia wapi. Mchoro huo wa penseli umewahi kuokoa tafsiri nyingi za maabara, kwa sababu kisima chenye naitreti nyingi kuliko vyote mara nyingi ni kile kilicho karibu na zizi, wala shamba halihusiki.

Ni lazima niwe hodari wa hesabu?

Ndiyo. Kalkulasi, milinganyo tofautishi na takwimu hazikwepeki, na ni afadhali uzisome ukiwa bado shule kuliko kuzitafuta ukiwa umeshaanza utafiti. Lakini kuna wanafunzi wengi wenye hesabu nzuri wanaokwama kwa kukosa kemia na jiolojia. Ukipewa kuchagua somo moja la ziada, chagua sayansi ya udongo. Ndiko uchafuzi wa kilimo unakoanzia, na wahandisi wa maji wengi huliruka.

Programu zinagharimu kiasi gani?

Huhitaji kulipa chochote kuanza. MODFLOW, programu ya kuhesabu mtiririko wa maji ya chini ya ardhi iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Shirika la Jiolojia la Marekani mwaka 1984, hupakuliwa bure pamoja na msimbo wake, na toleo la MODFLOW 6 huendeshwa vizuri kupitia lugha ya kompyuta ya Python. MT3D, iliyotengenezwa na Chunmiao Zheng na kutolewa mwaka 1990, iliwapa watafiti njia ya kufuatilia kemikali ndani ya mtiririko huo. Kompyuta ya kawaida inatosha kwa modeli ya bonde dogo. Kilicho ghali ni kuchimba visima vya uchunguzi na kulipia maabara, na bajeti nyingi za miradi hukosea kwa kuweka fedha kwenye leseni na mafunzo ya programu huku zikiacha mashimo mawili ya kupimia kwa wilaya nzima.

Modeli inaweza kuaminiwa?

Inategemea umeiuliza nini. Mwaka 1992 Leonard Konikow na John Bredehoeft, wote wakiwa magwiji wa fani hii, waliandika kwamba modeli ya maji ya chini ya ardhi haiwezi kuthibitishwa kuwa kweli. Inaweza kujaribiwa na kuonekana ina kasoro, au kuonekana inafaa kwa kazi fulani. Makala hiyo iliwaudhi baadhi ya wenzao, lakini nadhani walikuwa sahihi, na mfano ufuatao unaonyesha sababu.

Tuseme una vipimo vya kina cha maji peke yake. Modeli yenye mvua nyingi inayozama na mchanga unaopitisha haraka itatoa kina kilekile kama modeli yenye mvua kidogo na mchanga unaopitisha polepole. Zote mbili zitalingana na visima vyako vizuri kabisa. Ila ya kwanza itasema naitreti itafika kijijini baada ya miaka 10, na ya pili miaka 50. Ili kuchagua kati yake unahitaji kipimo cha aina nyingine: umri wa maji, au mtiririko wa chemchemi wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mtu akikuletea modeli, usimwulize kwanza ina vyumba vingapi. Mwulize ni vipimo vya aina ngapi vilivyoibana, na ni majibu mangapi tofauti ambayo bado yanakubaliana na vipimo hivyo.

Wakulima hawamwoni mwanasayansi huyu kama adui?

Wengine humwona hivyo, hasa akija na ramani nyekundu mkononi. Mkulima aliyefuata ushauri wa mbolea aliopewa na serikali yake mwenyewe ana haki ya kukasirika akiitwa mchafuzi. Panapokuwa na heshima, mazungumzo huhamia kwenye fedha: naitrojeni iliyopotea chini ni naitrojeni iliyonunuliwa. Kuigawa mbolea katika vipindi viwili au vitatu kufuata ukuaji wa mahindi, kupima udongo kabla ya kununua, na kuhesabu naitrojeni ya samadi kabla ya kuongeza yurea, yote haya humfaidi mkulima kabla hayajakifaidi kisima.

Hata naitreti iliyokwisha kuingia katika maji inaweza kurudishwa shambani. Maji ya kisima yenye miligramu 10 za naitrojeni kwa lita, yakimwagiliwa milimita 500 kwa msimu, huleta kilo 50 za naitrojeni kwa hekta, zaidi ya mifuko miwili ya yurea. Mkulima anayepima maji yake ya umwagiliaji na kuzipunguza kilo hizo katika manunuzi yake huvuna naitreti ya miaka iliyopita na wakati huohuo hulisafisha tabaka la maji polepole. Timu ya Davis iliitaja njia hii kuwa miongoni mwa zinazowezekana.

Kazi hii ipo Afrika Mashariki?

Ipo, ingawa sura yake ni tofauti. Wastani wa mbolea ya viwandani kwa hekta katika nchi zetu bado ni mdogo ukilinganisha na Ulaya au California, na naitreti nyingi iliyopimwa katika visima vya miji kama Dar es Salaam na chemchemi za Kampala inahusishwa na vyoo vya shimo na makaro. Katika pwani na visiwa vya miamba ya matumbawe, Unguja ikiwamo, maji hupita kwenye mapango na nyufa kwa kasi ambayo hesabu ya Darcy niliyoionyesha haiwezi kuieleza. Katika Bonde la Ufa, floraidi ya asili ndiyo tatizo kubwa zaidi. Mwanasayansi anayekuja na modeli ya mbolea mahali ambapo chanzo ni choo atapoteza miaka yake. Isotopu za naitrojeni, yaani atomu zake zinazotofautiana uzito, husaidia kutenganisha mbolea ya viwandani na kinyesi, lakini hazitenganishi samadi ya ng'ombe na uchafu wa choo. Hapo inabidi kutumia alama nyingine, na kurudi kwenye ule mchoro wa penseli.

Tuna pia hazina ambayo dunia inatuonea wivu. Visima vya Makutupora, vinavyoihudumia Dodoma, vimepimwa kina chake tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake, wakiwamo Watanzania Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga, walichapisha kumbukumbu hiyo ya miaka 55 na kuonyesha kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka: hushuka kwa miaka mfululizo, kisha misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi ya El Niño, huyapandisha ghafla. Kwa mtu wa uchafuzi maana yake ni nzito. Naitreti inayojikusanya udongoni kwa miaka mikavu huweza kusukumwa chini kwa pamoja katika msimu mmoja, na modeli inayotumia wastani wa mwaka haitauona msimu huo. Kumbukumbu hiyo ilikuwepo kwa sababu watumishi wa maji waliendelea kwenda kisimani na utepe, mwezi baada ya mwezi, kabla hakujakuwa na makala wala mradi.

Ajira hupatikana wapi?

Katika bodi za maji za mabonde nchini Tanzania, ambazo ziko tisa, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya, wizara, mamlaka za maji za miji, vyuo vikuu, kampuni za ushauri na mashirika ya kimataifa. Nafasi zenye jina la modeli ni chache. Wengi huajiriwa kama wataalamu wa haidrojiolojia au wahandisi, kisha huingia kwenye modeli kwa sababu hakuna mwingine ofisini anayeweza.

Nikiwa mwanafunzi bila mradi wala fedha, nianze na nini?

Chagua bonde dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu, na ubaki nalo. Omba kumbukumbu za kina cha maji katika ofisi ya bonde, hata kama ziko kwenye madaftari, na uziingize kwenye kompyuta. Waulize wakulima wanaweka mifuko mingapi kwa ekari na wanavuna magunia mangapi, uandike mizania ya naitrojeni kwa mkono. Nunua vijiti vya kupimia naitreti, vile vinavyobadilika rangi. Si sahihi kama maabara, lakini vinatosha kukuonyesha kisima gani kinahitaji sampuli ya kweli. Pima visima vilevile mwishoni mwa kiangazi na mwishoni mwa masika. Ukishafanya hivyo kwa misimu minne, fungua MODFLOW.

Wengi hufanya kinyume: hujenga modeli nzuri ya bonde ambalo hawajawahi kulikanyaga, kwa data za mtandaoni, na huishia na ramani ambayo mwenyekiti wa kijiji huikosoa kwa sentensi moja, kwa mfano kwamba mto uliochorwa pale ulihama tangu mafuriko ya mwaka 1998.